Nimewauliza wakubwa wote, hakuna aliyekaa chini kunijibu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Chuno hapa Mtwara mjini na mama yangu na wadogo zangu wawili. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, nikapata divisheni foo. Tangu hapo nimebeba magunia ya korosho maghalani msimu ukifika, nimekuwa saidia fundi, na sasa ni mwaka wa pili naendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Si kwamba nina njaa. Nakula, namwachia mama hela ya mboga, wadogo zangu nawanunulia madaftari. Ndiyo maana naona aibu hata kuandika, kwa sababu ukiniangalia utasema huyu analalamikia nini.

Shida yangu ni kwamba sioni haya yote ni ya nini.

Yalinianza mwaka jana baada ya Ramadhani. Naamka, napiga kiki, nakaa kijiweni, napeleka mtu Ligula, napeleka mtu Mikindani, jioni namtumia bosi hela yake, nalala, naamka. Siku moja nimembeba baba mmoja mtu mzima, kavaa suti, kashika bahasha, hasemi kitu, nikamtazama kwenye kioo nikajiuliza: huyu anajua kitu ambacho mimi sikijui? Na kama anakijua mbona uso wake uko kama wangu?

Shangazi, mimi nilipelekwa jandoni nikiwa na miaka minane, likizo ya Desemba, kijijini kwa mama, wilaya ya Tandahimba. Tulifundishwa kusalimia wakubwa, kutoingia chumbani kwa wazazi, kuvumilia maumivu bila kulia. Siku ya kutoka tukavalishwa nguo mpya na miwani ya jua, ngoma zikapigwa, tukaambiwa sasa nyinyi ni watu wazima. Niliamini kabisa. Miaka imepita nasubiri mtu aje aniambie sehemu iliyobaki.

Halafu mwaka 2013, gesi ilipokuwa ndiyo habari ya mji, nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alituuliza mkikua mnataka kuwa nani. Nusu ya darasa tukasema mhandisi wa gesi. Nawajua karibu wote walipo. Mmoja yuko jeshini. Watatu niko nao kijiwe kimoja.

Basi nikaanza kuuliza watu. Usinicheke.

Nilimuuliza ustadhi aliyenisomesha madrasa, baada ya swala ya Ijumaa. Akasema dunia ni mapito, zidisha ibada. Ninaswali, Shangazi. Nikitoka msikitini swali nalikuta palepale linanisubiri kwenye viatu.

Nilikutana na mwalimu wangu wa sekondari, nikampakia bure mpaka Shangani, njiani nikamuuliza. Akasema, "Ungenisikiliza ungekuwa chuo sasa hivi." Akashuka. Bosi wangu yeye alisema maisha ni hela, akanikumbusha kwamba hesabu ya juzi bado.

Kuna mzee anacheza bao jioni karibu na kijiwe chetu, mtu wa heshima zake, aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huko vijijini. Nikamwambia, mzee, samahani, naomba kuuliza, hivi mtu anaishi ili iweje? Akaniangalia, akawaangalia wenzake, akasema, "Huyu hajaoa huyu." Wakacheka wote. Mkono wake haukuacha hata kusambaza kete.

Mama alilia. Anasema ama kuna mtu kanifanyizia, ama nioe tu, kuna binti wa rafiki yake yuko Nanyamba.

Wa mwisho ni mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja, ndiye anayesimamia mikorosho aliyoiacha bibi. Nilimpigia usiku. Niliongea kama nilivyoongea hapa. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Wewe umekosa shughuli. Njoo huku upalilie, salfa inaanza." Yaani ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Nikakata simu. Huyo ndiye niliyemtegemea zaidi baada ya baba.

Usingizi umeniisha. Nalala saa nane ya usiku, saa kumi niko macho. Chakula nakila lakini sikisikii. Marafiki wananiambia nipige gongo nisahau, wengine wananifundisha mkeka wa kubeti. Gongo sinywi. Mkeka nilijaribu, ukanilia hela ya tairi. Kuna usiku nawaza kwamba nisingekuwepo hakuna ambacho kingepungua. Hilo sijamwambia mtu.

Nauliza mawili. Watu wazima wanajua wananificha, au na wao hawajui? Na sasa niende kwa nani?

Kijana wa Chuno, Mtwara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Naanza na hilo uliloliweka karibu na mwisho, kwamba usingekuwepo hakuna ambacho kingepungua. Umeniambia mimi, umefanya vizuri, lakini mimi niko mbali. Mwambie mtu aliye ndani ya nyumba hiyo, leo, kabla hujalala. Na kwa kuwa mama yako ukimpa maswali makubwa analia, usimpe maswali. Mpe dalili. "Mama, siku nyingi silali, na mawazo yanayonijia usiku yananitisha." Basi. Mama aliyekuuguza malaria anajua kusikia maneno ya namna hiyo.

Kisha Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila siku unapeleka watu pale getini na kugeuza pikipiki. Safari hii ipaki uingie. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Mapokezi huna haja ya kujieleza mbele ya foleni, sema tu unataka kumwona daktari wa afya ya akili. Ukifika ndani usizunguke. Mwambie unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, mwambie chakula, mwambie ni tangu lini, na mwambie hayo ya usiku kama ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno. Huyo ni daktari, hatashtuka. Na ikitokea usiku mmoja mawazo hayo yakakuzidi, usingoje kuche. Mwamshe mama, nendeni hospitali usiku huohuo.

Mama amesema kuna mtu kakufanyizia. Sitagombana naye kupitia safu. Akitaka kukusomea dua akusomee, dua haijawahi kumdhuru mtu. Ila Ligula kwanza.

Nimeanza huko, lakini swali lako si ugonjwa. Kijana wa miaka 23 asiyejiuliza anaishi kwa ajili ya nini ndiye anayenipa wasiwasi. Tatizo ni kwamba mtu anayepata usingizi wa saa mbili tu kila usiku, mwezi baada ya mwezi, kila anachokiuliza kinamrudia kikiwa cheusi. Usingizi utibiwe, swali liendelee kuulizwa.

Sasa tuje kwa hao watu wazima wako. Unauliza wanajua wanaficha, au hawajui. Ninavyoona mimi, kila mmoja anakijua kipande chake, na wengi hawajui kwamba wanakijua, kwa kuwa tangu wazaliwe hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Ukimwendea mtu akiwa amevaa viatu vyake baada ya Ijumaa, ukamtaka akuambie maisha ni ya nini, umemtaka hotuba. Watu wetu wengi hotuba hiyo hawana. Wale walio nayo tayari mdomoni, imepangwa na kupigwa pasi, nakushauri uwapite mbali. Walicho nacho watu wetu ni yale waliyoyapitia, na hayo hayatoki kwa swali la namna uliyouliza.

Tumchukue mjomba wako, kwa sababu naona ndiye aliyekuuma.

Hukunitajia umri wake. Tuseme anakaribia sitini au ameivuka kidogo. Piga hesabu nami. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000, na sehemu kubwa ilitoka huko kwenu kusini. Yeye alikuwa mtoto mdogo, anaokota korosho chini ya miti na kunyonya mabibo. Ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliokuwa wamekaa wametawanyika, kila ukoo na mikorosho yake, wakahamishwa wakawekwa pamoja. Mikorosho ikabaki kwenye mahame, mbali, nyasi na vichaka vikaifunga. Ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaolifanya ua lionekane limepakwa unga, kisha linakauka halizai kitu. Bei nayo ikawa ya kukatisha tamaa. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufikia tani 20,000. Kutoka 140,000, mwanangu.

Na mwaka huo mjomba wako alikuwa na umri kama wako, au pungufu kidogo.

Mweke hapo umwone. Kijana wa miaka ishirini na ushee, juu kwenye uwanda wa Makonde ambako hata maji ya kunywa yalikuwa ya kufuatwa mbali. Mti uliowasomesha na kuwaoza wakubwa wake hauzai. Wenzake wanafunga mizigo kwenda Dar es Salaam, wanatembeza nguo mabegani mitaa ya Kariakoo; ni vijana wa kusini hao waliotangulia kazi hiyo, na inasimuliwa kwamba ndiyo sababu wachuuzi wa nchi nzima wanaitwa Wamachinga, jina la watu wa Lindi. Daraja la Rufiji halipo, lilifunguliwa 2003. Masika unaweza kukaa njiani siku kadhaa, ukifika Ndundu unasubiri pantoni. Mjomba wako ama hakwenda, ama alikwenda akarudi. Kwa nini? Mimi sijui. Lakini na wewe hujui, na wewe ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja.

Kilichokuja kuirudisha mikorosho ile ni salfa, pamoja na watu kurudi kwenye mahame na kufyeka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapo jirani yenu, walihangaika na ule ugonjwa. Wakulima wakaanza kupulizia, na miti iliyokuwa imesemwa imekufa ikatoa maua na ikazaa. Kwa hiyo mtu wa rika lake akikuambia usiku kwenye simu kwamba salfa inaanza, inawezekana hakukutajia kazi ya shamba peke yake. Inawezekana alikutajia kitu pekee alichokishuhudia kwa macho kikirudisha uhai mahali palipokuwa pamekwisha. Hana maneno mengine.

Inawezekana pia alitaka kibarua cha bure. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, nawajua wajomba.

Ila angalia kitu kimoja. Umeuliza watu sita. Watano wamekuondoa mlangoni, kila mmoja kwa adabu yake. Mmoja tu ndiye aliyekuambia njoo.

Na huyo ana deni kwako, hata kama mwenyewe amelisahau. Kwa Wamakonde, kama ilivyokuwa kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu ya mpwa: ampeleke jandoni, amwonyeshe shamba, amsemee kwenye posa. Dini, shule na maisha ya mjini vimeyabadilisha hayo, baba amechukua sehemu kubwa, na mimi sioni ubaya. Lakini kwenu baba ametangulia mbele ya haki na kiti cha mjomba kimebaki kitupu. Lazima mtu amkumbushe. Usimkumbushe kwa simu ya usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie mchana, mtake radhi kwa kumkatia simu, ni mkubwa wako. Mwambie unakwenda, utapulizia naye, utapalilia naye, ila una ombi: akupe mikorosho kadhaa ya upande wa mama uisimamie wewe mpaka mavuno, korosho zikipelekwa ghalani ziandikwe kwa jina la mama. Asiyekuwa na kitu cha kusimamia atachoka kuliko punda na bado hataona alichofanya. Hapo ndipo bodaboda ya hesabu inapokumaliza: pikipiki si yako, abiria si wako, hata deni ni la siku moja linaanza upya kesho yake.

Akisema mikorosho yote ni yake, usibishane naye shambani. Mama ndiye mtoto wa marehemu, aulize yeye, kwenye kikao, wazee wakiwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na viongozi wa kijiji wanapaswa kuijua. Na akija mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, mwezi wa nane anataka kuwalipa kidogo kwa korosho ambazo bado ni maua, mkatae hata kama mnadaiwa.

Maswali yako nenda nayo, ila yaache kwenye begi kwa siku za mwanzo. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, macho yatawasha tu. Jua likipanda mnaacha, mnakaa chini ya mti kusubiri uji, nywele na nyusi zenu zote za njano. Hapo mtu hana wa kumchekesha na hana wa kumwogopa. Muulize kitu kidogo. "Mjomba, miaka ile mikorosho ilipokataa kuzaa, mlikuwa mnakula nini?" Akijibu, usimrukie na lingine. Akinyamaza, mwache anyamaze. Ule usiku ulidhani mtandao umekatika, mtandao ulikuwepo.

Siku nyingine muulize kama aliwahi kutaka kuondoka. Muulize nani alimfundisha kazi, na kama huyo mtu alikuwa mpole au mkali. Muombe akupeleke kwenye mahame ya bibi akuonyeshe nyumba ilipokuwa. Sikuahidi kwamba mwisho wa hayo atakuambia maana ya maisha. Utakachopata ni kujua mtu mmoja mzima aliwezaje kuamka kila siku miaka ambayo hakukuwa na sababu ya kuamka, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta usoni kwa yule baba wa suti kwenye kioo.

Wengine nitawapitia haraka.

Mwalimu hakukujibu, alijitetea. Foo ya mwanafunzi humkaa mwalimu kooni. Kama unataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, rudia kwa sababu zako, wala si kwa ajili ya ile safari ya Shangani. Bosi ameongea kama bosi.

Yule mzee wa bao usimkatie tamaa. Ulimuuliza mbele ya hadhara, na wanaume wetu wakiwa watano hawana jibu la swali lolote ila mzaha. Mtu aliyekuwa karani wa chama cha msingi amepima magunia ya watu miaka na miaka. Ameona nani alilia kwenye mzani, nani alilipwa akapotea wiki nzima, nani alirudi msimu uliofuata na gunia nusu na bado akamsalimia kwa furaha. Nenda mapema wenzake hawajafika. Mwambie akufundishe bao. Kete zikiwa mkononi mwako na wewe, ataongea.

Ustadhi naye mpe nafasi ya pili, siku asiyo na watu. Mwombe akusomeshe Suratu Dhuha, na sababu ya kushuka kwake: kipindi wahyi ulipokatika na Mtume mwenyewe akawa katika huzuni, watu wakamsema kwamba Mola wake amemwacha. Ukimwendea ukiwa na jambo hilo hatakuambia uzidishe ibada tu, atafungua kitabu mkae.

Kuhusu binti wa Nanyamba, hapana. Mama ana hofu, amempoteza mume na sasa anaona mtoto anamponyoka, kwa hiyo anakamata alichokiona karibu. Mwelewe, lakini usikubali. Ukioa leo ili upate jibu utakuwa umemtwisha mtoto wa watu swali ambalo hakulileta yeye. Ndoa ina maswali yake ya kutosha.

Na hili la gesi, kwa kuwa nimeona limekukaa. Darasa lenu halikuwa na ujinga wowote. Wakati wa kuchimbia bomba kulihitajika mikono mingi. Lilipokamilika mwaka 2015, gesi ikawa inasafishwa Madimba na kusukumwa kwenda Dar es Salaam, na mtambo wa namna hiyo kazi kubwa hufanywa na mashine, watu wanaohitajika ni wachache wenye ujuzi maalumu. Ndivyo ilivyo kila mahali gesi inapochakatwa. Mngeelezwa hivyo mkiwa darasa la saba, baadhi yenu mngechagua njia nyingine mapema. Waliowauliza mnataka kuwa nani hawakurudi kuwaambia.

Hapo nina neno kwa wakubwa wenzangu mnaosoma barua za watu. Zamani kijana wa kusini aliingia kumbini akiwa amepevuka au anakaribia, akakaa miezi, akatoka anajua nani wa kumwendea akikwama. Siku hizi tunampeleka mtoto wa darasa la pili kwa likizo ya shule, tunamwambia umekuwa mtu mzima, na Januari tunamrudisha darasani na mkoba wake wa katuni. Sisemi turudi tulikotoka, shule ni lazima na tohara ya hospitalini ni salama zaidi. Nasema mtoto wa miaka minane hakuwa na maswali ya miaka 23, na alipokuja nayo mlikuwa mnacheza bao.

Wewe mwanangu, jandoni ulikuwa na mlezi aliyekulea kumbini. Kama yu hai, ukifika Tandahimba mtafute. Atafurahi kuliko unavyodhani, na pengine hajawahi kutafutwa na hata mmoja wenu.

Mpangilio wake ni huu: Ligula kwanza, kijijini baadaye, na umwambie daktari kwamba unataka kusafiri ili akupangie. Ukipewa dawa usiziache katikati kwa sababu umeanza kulala. Na ukihitaji kuonwa ukiwa huko, hospitali ya wilaya ipo. Mkeka uache. Bosi mfuate mwenyewe, mlipe hesabu ya juzi, mrudishie pikipiki mkononi mkiwa na shahidi, ili asije kumsumbua mama wakati wewe hupo. Nikitaka kusikia kitu kwanza kutoka kwako, ni daktari amesema nini. Niandikie hilo.

Shangazi